Tanzania polepole: Ukiwa na doo kidogo, acha kuhamahama

Kila Disemba stori ni ile ile. Mbogi inachanga kwa miezi sita, inalipia pakeji ya Zanzibar ya siku nne, inatua Ijumaa, inapiga picha kwenye bembea za ufuoni Nungwi, na kufika Jumanne watu wanakopana nauli ya kwenda kazini. Waulize Zanzibar ikoje, watakufungulia simu. Mtu pekee waliyeongea naye huko ni dereva aliyewatoa uwanja wa ndege.

Sina noma na Zanzibar. Ninachosema ni kwamba Tanzania ina zaidi ya kilomita mraba 940,000. Kenya ingeingia humo, Uganda nayo ikaingia, na bado nafasi ingebaki. Sisi majirani tunaijua kwa kisiwa kimoja na mlima mmoja, na huo mlima wenyewe wengi wetu tumeuona tukiwa upande wa Loitokitok.

Makala haya ni ya mtu ambaye hana pesa nyingi lakini ana muda. Uko kati ya kibarua na kibarua, umemaliza chuo unangoja kuitwa, au kama mimi uliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma na sasa unaishi kwa kazi za mtandaoni, zinazolipa wiki hii na kukauka wiki ijayo. Tuko wengi. Tunaambiwa kusafiri ni kwa wenye mshahara. Nimezunguka Tanzania mara kadhaa na mfuko wangu huu, na naona shida si kusafiri. Shida ni kusafiri kwa mbio.

Fanya hesabu nami. Shilingi moja yetu siku hizi hubadilishwa kwa kitu kama 20 za Tanzania, inapanda inashuka. Katika miji midogo, gesti safi, chumba chenye choo na bafu ndani, mara nyingi nimelipa kati ya 15,000 na 25,000 za kwao, yaani 750 hadi 1,250 zetu. Sahani ya wali maharage na mboga za majani kwa mama ntilie ni 2,000 au 3,000, sawa na soo moja au soo na nusu. Hapo hakuna kinachokuua. Kinachokuua ni basi la saa nane, bajaji ya kukutoa stendi, soda na chipsi za njiani, halafu gesti ya usiku mmoja ambayo mwenyewe hana sababu yoyote ya kukupunguzia. Anayehama kila baada ya siku mbili analipa mlolongo huo mara tatu kwa wiki. Anayekaa siku saba analipa mara moja, na akifika tu anamwambia mwenye gesti: “Mama, mimi nipo wiki nzima, tusaidiane bei.” Sentensi hiyo imewahi kunishushia chumba kutoka 20,000 hadi 15,000 kwa usiku.

Tena angalia sentensi yenyewe: ni Kiswahili. Mzungu mwenye begi kubwa mgongoni anamlipa mtu amtafsirie sokoni na amweleze ule mti unaitwaje. Wewe unauliza mwenyewe, bure. Sijui kwa nini Wakenya hatuhesabu lugha kama sehemu ya bajeti.

Ila usivuke mpaka ukidhani Kiswahili cha Nairobi kitapita hivyo hivyo. Ukiingia kwa mama ntilie na kusema “nipe chai”, chai utapewa, lakini utakuwa umeamrisha. Kuna mama pale Lushoto aliniangalia, akatabasamu, akaniuliza, “Mwanangu, umetoka Kenya?” Sikuwa nimetamka hata maneno matatu. Huko mtu husema “naomba chai”, na kabla ya hapo anasema “shikamoo, mama”, anangoja “marahaba”, anaulizwa habari za safari, anapewa pole, anasema ameshapoa. Ndipo chai inakuja. Mwanzoni inachosha. Kufika siku ya nne unagundua kwamba zile salamu ndizo zilizokuletea bei ya mwenyeji, na jina la mtu anayeshuka na pikipiki kila asubuhi.

Mengine utayaokota njiani. Matatu ni daladala, tuktuk ni bajaji, makanga ni konda, steji ni kituo, na kituo kikubwa cha mabasi ni stendi. Mtu akikutajia buku ni 1,000, jero ni 500. Usianze kutoa noti ya 1,000 ya Kenya, utachekwa.

Kuhusu makaratasi: kitambulisho kinachokuvusha Uganda na Rwanda hakitoshi Namanga. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Viza hatuhitaji, ila beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana huulizwa. Laini ya simu ya huko utaisajili kwa pasipoti na alama za vidole. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, waliipiga marufuku Juni 2019. Tena soma habari kabla ya kuondoka. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulikuja na maandamano, vifo, amri ya kutotoka nje usiku Dar es Salaam na intaneti kuzimwa nchi nzima. Wenyeji wana maoni yao na wengi hawayasemi mbele ya mgeni. Usiwalazimishe, na usipige picha polisi wala jengo la serikali. Ile midomo yetu ya Twitter iache Namanga.

Haya, twende. Ningekuwa naanza leo, ningeanza na Lushoto.

Unavuka Namanga, unapita Arusha na Moshi, na kwenye barabara kuu ya kwenda Dar unamwambia konda akushushe Mombo. Usitarajie mbio hapo njiani: kwenye makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa na trafiki wamejaa vichakani na mashine zao. Mombo ni joto na vumbi. Unapanda gari dogo, linaanza kukunja kona kuelekea milima ya Usambara, unapita Soni penye maporomoko ya maji, na baada ya kilomita kama 33 unashuka unatafuta sweta.

Wajerumani waliupenda mji huu kwa ajili ya baridi hiyo, wakauita Wilhelmsthal kwa jina la mfalme wao. Jina limeondoka, baadhi ya majengo yamebaki. Siku hizi Lushoto ni mji wa Wasambaa, wa mboga na matunda. Kabichi, karoti, pilipili hoho na pea zinateremka mlimani kwa malori kwenda Dar, na ukiwa sokoni unanunua kwa bei ya huko huko juu, kabla lori halijaongeza yake.

Kufika Irente, pale ukingo wa mlima unapokatika ghafla na chini yake unaona tambarare mpaka macho yachoke, ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Watalii wa pakeji huletwa na gari, wanakaa nusu saa, wanaondoka. Wewe nenda asubuhi ukungu ukiwa bado unafuta kila kitu, kaa, subiri uinuke. Njiani kuna shamba la Irente wanakouza jibini na jemu. Si bei ya mama ntilie, lakini mara moja kwa wiki haikuui.

Siku nyingine ingia msitu wa Magamba, huko utahitaji kiingilio na mtu wa kukuongoza, utaona mbega. Siku nyingine panda daladala la kwenda Mtae, mwisho kabisa wa milima, kijiji kimekaa kwenye mgongo mwembamba kama kimepandwa juu ya ukuta. Wenye miguu huenda huko kwa kutembea siku kadhaa, wanalala njiani Rangwi kwa masista. Daladala ni masaa mengi ya kubanana, lakini ndani yake nimejifunza Kisambaa cha salamu, na bei ya gunia la viazi kwa miezi yote kumi na miwili ya mwaka, kutoka kwa mzee aliyekuwa amekalia nusu ya kiti changu.

Halafu kuna siku usiyofanya kitu. Hii ndiyo watu wa Nairobi wanashindwa nayo. Umekaa kibarazani, unafua soksi, mvua inakuja, mvua inaenda. Kama una kazi ya mtandaoni, mtandao wa simu Lushoto mjini ulinitosha kutuma maandishi. Video kubwa sikujaribu.

Kutoka Lushoto kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Tanga. Na hapa niwaambie watu wa Mombasa kitu: Tanga iko karibu nanyi kuliko hata nusu ya njia ya Nairobi. Mnavuka Lunga Lunga, mnaingia Horohoro, mmefika kabla ya chakula cha jioni. Na bado mnapanda treni kwenda kushangaa magorofa ya Nairobi.

Tanga ni Mombasa iliyopunguziwa sauti. Watu wanaendesha baiskeli. Mitaa ya Ngamiani imepewa namba badala ya majina, kwa hivyo hata ukipotea unajua umepotelea barabara ya ngapi. Utajiri wake wa zamani ulikuwa mkonge, zao ambalo Mjerumani aitwaye Richard Hindorf alileta miche yake mwaka wa 1893, na ndilo lililojenga haya maghala na bandari unayoiona imepoa. Kama ulisoma Shaaban Robert shuleni kwa kulazimishwa, huku ndiko kwao: alizaliwa 1909 kijiji cha Vibambani, karibu na mji huu. Mapango ya Amboni yako kilomita chache nje ya mji, unaenda na bajaji au baiskeli ya kukodi. Siku mbili au tatu Tanga zinatosha, kisha shuka Pangani.

Pangani ndiyo ninayoipenda zaidi kwenye pwani yao yote. Ni kama kilomita 50 kusini mwa Tanga, pale mto unaoanzia Kilimanjaro na Meru unapoingia baharini. Milango ya nakshi inaoza taratibu, minazi imeinama, na pantoni inavuka mto kwenda Bweni ikiwa na baiskeli, mbuzi na kila mtu mwenye shughuli. Mjini humu Wajerumani walimnyonga Abushiri mnamo Disemba 1889, baada ya vita vya pwani alivyoviongoza dhidi yao. Mtaani usitarajie kibao cha kukueleza. Waulize wazee jioni wakitoka msikitini, na uanze na shikamoo.

Wasichana huniuliza kama inawezekana kwenda huko peke yao. Rafiki yangu amefanya hivyo mara mbili, na ushauri wake ni huu: fika mji mpya mchana, gesti ichague mwanamke akiwa mapokezini, kagua komeo kabla ya kulipa, na beba leso. Pangani na Ujiji ni miji ya Waislamu na leso begani inafungua milango kuliko kaptula. Anasema pia kukaa wiki kulimsaidia kwa usalama: siku ya tatu mama wa vitumbua alishamjua na alikuwa akimuuliza mbona amechelewa kurudi.

Dar es Salaam nitaipita haraka, kama nilivyoipita kweli. Ni jiji, lina joto, lina foleni, na foleni tunazo kwetu. Ninachokwenda kufuata Dar ni treni. Reli yao mpya inaendeshwa kwa umeme, ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata. Ilipozinduliwa nauli ya kawaida hadi Dodoma ilikuwa 31,000, kama 1,500 zetu, na safari ni masaa yasiyofika manne. Najua, nimesema polepole na sasa nasifia treni ya kasi. Lakini kule kwenye kiti hakuna anayekusukuma, na nchi kavu ya kati inapita dirishani bila vumbi lake kukuingia puani.

Dodoma ndipo njia inapogawanyika. Ukishuka kusini kwa basi unafika Iringa, mji wa juu kwenye mlima, baridi tena. Pale Kalenga, nje kidogo ya mji, kuna makumbusho yenye fuvu la Mkwawa, mkuu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani hadi akajiua 1898 ili wasimshike hai. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani na hakikurudi hadi 1954. Nimewaza sana kuhusu miaka hiyo hamsini na kitu, sasa hivi Wakenya tunapoendelea kuulizia kichwa cha Koitalel. Ukitoka Kalenga, nenda Isimila ukaone nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu wa kale. Mjini, mkahawa wa Neema Crafts una wafanyakazi wengi viziwi, na unaagiza kahawa kwa ishara zilizochorwa mezani. Huko hata lafudhi yako ya Nairobi haikuumbui.

Ukielekea magharibi badala ya kusini, unaenda Kigoma. Hii ni ya mtu aliyeamua kweli. Reli ya zamani iliyojengwa na Wajerumani ilifika ziwani mwaka wa 1914, na kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Treni yake haiondoki kila siku, mafuriko huikatiza, na hakuna ratiba ya mtandaoni ninayoiamini: enda stesheni, uliza kwa mdomo, uliza tena kesho yake. Ikiondoka, hesabu siku moja na usiku, pengine na zaidi. Kila stesheni ina biashara yake dirishani, hapa asali, pale kuku wa kuchoma, kwingine mikeka. Usinunue vyote stesheni ya kwanza.

Mwisho wa reli ni Ziwa Tanganyika, refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, na ni Baikal peke yake linalolishinda kwa kina. Ng’ambo ile unaona milima ya Kongo. Sokoni utasikia Kiswahili cha pande mbili na Kiha katikati, na mafuta ya mawese yanauzwa kwa chupa, mekundu kama tofali. Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka wa 1871, ni mwendo mfupi wa daladala. Kuna mnara na miembe. Wazungu huja kwa ajili ya huo mnara. Mimi nilikuwa nikipita kwenda ufuoni nyuma yake, wanakotengeneza mashua za mbao kwa mkono.

Gombe, hifadhi ya sokwe ambako Jane Goodall alianza kazi 1960, iko kaskazini na haina barabara. Kuna mashua za abiria zinazopita vijiji vya ufuo huo, za bei ya wananchi, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni wa mbali. Beba pasipoti hiyo siku, la sivyo utatozwa kama umetoka Ulaya. Kuna pia meli Liemba, iliyojengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa makusudi wakati wa vita, ikaibuliwa, na imebeba watu ziwani tangu 1927. Imekuwa ikiingia na kutoka matengenezoni, kwa hivyo ulizia bandarini kabla ya kuiwekea mpango.

Kama hutaki Gombe wala meli, Kigoma bado inakutosha. Panga chumba Mwanga, karibu na soko. Mgebuka wa kukaanga na ugali mchana. Jioni shuka Katonga uone wavuvi wa dagaa wakipakia taa. Wanavua usiku kwa mwanga, dagaa wanaufuata, na ukiwa juu kilimani giza likiingia unaona ziwa limewaka kama mji mwingine. Ila angalia kalenda. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mashua zinavutwa nchi kavu, na wavuvi wanakaa siku kadhaa wakishona nyavu na kucheza bao. Picha ya zile taa hutaipata, lakini hizo ndizo siku wana muda wa kuongea nawe.